Boriti Haijui Haraka

Wapenzi wasikilizaji, juma hili tuinue macho juu. Kama umekaa ndani ya nyumba, basi juu ya kichwa chako kuna kitu kimelala kimya usiku na mchana, kimebeba makuti, bati, vigae au sakafu ya ghorofa. Kitu hicho ni boriti. Tunaisifu nyumba kwa rangi ya kuta na nakshi za mlango, lakini boriti hatuitaji mpaka siku ile inapopinda.

Nimeona tuizungumze historia yake kwa sababu moja. Watu wengi siku hizi wana miti yao wenyewe: msaji uliopandwa na marehemu baba, safu ya migrivea mpakani mwa shamba, mivinje nyuma ya nyumba. Siku ya kujenga ikifika, mti huangushwa Jumatatu, hupasuliwa Jumatano, na Jumamosi mbao ziko juu ya ukuta. Mwaka haujaisha, paa limeota tumbo, dari imeachana na ukuta, na fundi anatafutwa kijiji kizima. Mwenye nyumba husema mti ule ulikuwa mbaya. La hasha! Mti haukuwa mbaya. Ulinyimwa muda wake.

Boriti ina umri wa namna tatu: umri wa kukua, umri wa kupasuliwa na umri wa kukauka. Zama zetu za mashine zimefupisha sana ule wa kati. Hiyo ya pembeni miwili bado inadai haki yake, na historia ya ujenzi, hapa kwetu na ng'ambo, ni ushahidi wa jambo hilo.

Tuanzie pwani. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta, mwenyeji wa Tangier huko Morocco, alipita katika miji yetu. Aliandika kwamba misikiti ya Mombasa ilikuwa ya mbao na imejengwa kwa ustadi, na Kilwa aliusifu kuwa mji mzuri uliojengwa kwa miti. Wakati huo Kilwa palikuwa tayari na majengo makubwa ya mawe ya matumbawe. Lakini hata nyumba ya mawe haikuachana na mti. Ukuta ni jiwe na chokaa, ila sakafu ya ghorofa na dari hulala juu ya boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu, juu yake zikawekwa kokoto za matumbawe na chokaa, zikashindiliwa mpaka zikawa kama mwamba.

Yeyote aliyeingia katika nyumba kongwe za Lamu au za Mji Mkongwe wa Unguja atakuwa amestaajabu kuona vyumba virefu kama ushoroba, lakini vyembamba. Urefu unaweza kuendelea upendavyo. Upana haupiti mita 2 na nusu au 3 hivi. Sababu yake si uchache wa kiwanja, wala si mila peke yake. Boriti ya mkoko inayoweza kubeba mzigo ule wa mawe na chokaa haifiki mbali zaidi ya hapo. Fundi wa kale hakukaa akachora chumba kisha akaenda kuutafuta mti wa kukitosha. Aliutazama mti kwanza, ndipo akachora chumba.

Mikoko yenyewe ilikuwa na elimu yake. Wakataji wa pwani waliipanga kwa unene, na kila unene ukapewa jina: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Boriti ni ile ya unene wa sentimita 12 au 13 hivi. Iliuzwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Mti wenyewe mara nyingi ulikuwa mkandaa au mkoko, mizito, migumu, ambayo mchwa huishambulia kwa shida. Angalia pia hekima iliyofichika hapo: boriti hiyo ilitumika ikiwa ya mviringo kama ilivyozaliwa, au ikachongwa kidogo tu. Haikupasuliwa katikati. Kiini chake kilibaki katikati, na mti ukanywea sawasawa pande zote. Tena kwa kuwa ni nyembamba, ilikauka upesi.

Biashara hiyo haikuishia kwetu. Kwa karne nyingi majahazi ya Waarabu na Waajemi yalishuka na pepo za kaskazi, yakapakia miti, yakarudi na kusi. Huko Ghuba, ambako miti ya kujengea ni adimu, boriti zetu ziliezeka nyumba za Oman, Bahrain na Kuwait. Watu wa Kuwait waliziita chandal, na vyumba vyao vya kale navyo vikawa vyembamba kwa kipimo kile kile. Mwaustralia mmoja, baharia na mwandishi, Alan Villiers, alisafiri katika jahazi la Kuwait mwaka 1938 na 1939, akafika nalo hadi delta ya Rufiji kupakia miti. Ameeleza taabu ya kazi ile katika matope, mvua na mbu.

Basi tujiulize, miti hiyo ilikuwa ya nani? Wakazi wa delta waliitumia tangu zama za babu zao. Mwishoni mwa karne ya 19 serikali ya Wajerumani iliihesabu mikoko ya Rufiji kuwa mali ya dola, ikaweka wasimamizi na kutoza ada. Waingereza nao wakaendelea kuilinda kama hifadhi ya serikali. Kwa upande wa Kenya, mwaka 1982 serikali ilipiga marufuku kusafirisha boriti za mikoko kwenda nchi za nje, kwa kuwa ukataji ulikuwa umezidi. Bandu bandu huisha gogo, walisema wahenga. Hapo ndipo tunauona umri wa kwanza wa boriti, umri wa kukua. Ukikata upesi kuliko mti unavyokua, hakuna serikali wala mfanyabiashara awezaye kuukopa muda huo mahali pengine.

Sasa tuingie bara. Huko hakuna mikoko, lakini kulikuwa na mivule, mininga, mikangazi na mierezi. Nyumba nyingi za asili zilijengwa kwa miti ya mviringo, nguzo na fito, na ubao ulichongwa kwa shoka na tezo. Kazi ya kuligeuza gogo zima kuwa mbao kwa msumeno mrefu ilienea sana bara katika zama za misheni na ukoloni, palipohitajika makanisa, shule, ofisi na madaraja.

Wengi wetu tumewahi kuwaona wapasua mbao. Gogo hubingirishwa juu ya shimo, au hupandishwa kwenye jukwaa la magogo lililoegemea mteremko. Ndiyo maana ya ule msemo kwamba gogo haliendi ila kwa nyenzo. Kisha hunyooshwa kamba iliyopakwa masizi, au unga mweusi wa betri kuukuu za redio. Ikivutwa na kuachiliwa huacha mstari ulionyooka juu ya gogo. Mtu mmoja husimama juu kuufuata mstari huo, mwenzake husimama chini shimoni. Msumeno hukata ukishuka, kwa hiyo wa chini huvuta kwa nguvu na unga wa mbao humwangukia usoni, na wa juu huunyanyua na kuuongoza. Wasipopatana, ubao huwa mnene huku na mwembamba kule.

Kazi hiyo ilikuwa nzito na ya polepole. Na huo upole wake ulikuwa na faida moja ambayo hakuna aliyeihesabu. Mbao za gogo moja zilichukua siku nyingi kupasuliwa. Zilipangwa kando ya shimo zikingojea wenzake, zikangojea wachukuzi wa kuzibeba kichwani hadi barabarani, zikangojea gari, zikangojea mnunuzi. Zilipofika kwa fundi zilikuwa zimekwisha kupoteza maji mengi. Kwa maneno mengine, uzito wa kazi ndio uliozikausha. Msumeno wa mnyororo na viwanda vya kupasua mbao vilipokuja, muda ule wa kungoja ukatoweka. Mti uliosimama asubuhi unaweza kuwa mbao kabla ya jioni. Tukashangilia, na kwa haki, maana taabu ya shimoni si ya kumwombea mtu. Lakini tukasahau kwamba katika kufuta taabu tumefuta na ukaushaji.

Pengine msikilizaji atauliza: kuna nini hasa ndani ya mti mbichi? Kuna maji, tena mengi. Katika miti mingine uzito wa maji hukaribia uzito wa mti wenyewe. Maji hayo yapo ya aina mbili. Yapo yaliyojaa katika vijishimo vidogo vya mti kama maji ndani ya chupa. Hayo yakitoka, mti hupungua uzito tu. Yapo na yale yaliyonywewa na nyama yenyewe ya mti, kama kitambaa kilicholowa. Maji yote yaliyomo yakishuka mpaka asilimia 30 hivi ya uzito wa mti mkavu, ndipo yale ya aina ya pili yanapoanza kutoka, na hapo ndipo mti unaponywea.

Na mti haunywei sawa kila upande. Kwa urefu karibu haunywei kabisa. Kutoka kiini kwenda kwenye gome hunywea kiasi. Kwa kuzunguka, kufuata miduara ile unayoiona kwenye kisiki, hunywea karibu mara mbili ya hapo. Ndiyo maana gogo lililoachwa juani hupasuka nyufa zielekeazo kwenye kiini. Ndiyo maana pia ubao hupinda kama kigae na boriti hujisokota. Wahenga walituambia samaki mkunje angali mbichi. Mti mbichi, ndugu zangu, hungoji kuukunja. Hujikunja wenyewe, tena baada ya wewe kuupigilia misumari.

Mambo haya watu waliyajua zamani. Vitruvius, mjenzi wa Kirumi aliyeandika zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, alishauri mti ukatwe kuanzia majira ya vuli hadi karibu na mwisho wa baridi kali, na kwamba kwanza uchanjwe shina mpaka kufikia kiini, kisha uachwe umesimama ili maji yake yachuruzike. Huko Burma, wavuna misaji walikuwa na desturi ya kuukata mti pete kuzunguka shina, wakauacha ufe na kukauka umesimama kwa miaka miwili au mitatu, ndipo wakauangusha. Kulikuwa na sababu ya biashara pia: msaji mbichi ni mzito, huzama, uliokauka huelea, na mito ndiyo iliyokuwa barabara yao.

Hata hivyo, tusidhani kwamba wajenzi wote wa kale walikausha kila kitu. Hapa ndipo historia inapotufundisha jambo la pili. Mafundi wa nchi za baridi walikuwa na kanuni ya kukisia: inchi moja ya unene, mwaka mmoja wa kukausha. Kwetu kwenye joto huwa upesi zaidi, lakini mwendo ni ule ule: unene ukizidi, muda huzidi. Sasa boriti ya inchi 10 ingengojewa miaka mingapi? Mafundi wa Ulaya ya kale hawakuingoja. Ubao wa mlango na wa meza waliukausha. Boriti kubwa waliichonga ikiwa mbichi, kwa sababu mti mbichi ni laini kwa shoka, kisha wakaijenga huku wakijua kuwa itanywea ikiwa mahali pake. Viungo vyao vilifungwa kwa vigingi vya mti, na mti uliponywea viungo vilishikana badala ya kulegea.

Ushahidi wa jambo hilo tumeuona katika miaka yetu hii. Kanisa kuu la Notre-Dame la Paris lilianza kujengwa mwaka 1163, na paa lake lilibebwa na mialoni mingi mno, hata likaitwa msitu. Tarehe 15 Aprili 2019 msitu huo uliteketea kwa moto. Palikuwa na mabishano: je, paa jipya liwe la chuma, la zege, au la mti? Wafaransa waliamua kurudia mti. Mialoni ipatayo 2,000 ilitolewa, mingine kutoka misitu ya taifa, mingine ikiwa zawadi ya watu na vijiji vyenye miti yao wenyewe. Mialoni ya kwanza mikubwa, kwa ajili ya mnara, iliangushwa Machi 2021, kabla utomvu haujapanda, kisha ikapasuliwa na kuachwa ikauke kwa miezi. Boriti za paa la kanisa zilichongwa kwa shoka zikiwa mbichi, kwa mtindo wa mafundi wa kale. Kanisa lilifunguliwa tena Desemba 2024. Taifa lenye viwanda vya kila aina lilitumia fedha kuwafundisha vijana kushika shoka, kwa kuwa lilitambua kwamba elimu hiyo si ushamba.

Nasi tumepata somo letu. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, ilipata vyumba vipana kuliko desturi kwa sababu ilitumia chuma kutoka ng'ambo. Iliutangazia ulimwengu kwamba kipimo cha mkoko kimevunjwa. Lakini tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa ilianguka na kuua watu. Sisemi chuma ni kibaya. Nasema kwamba kila kitu kinachobeba mzigo, kiwe mti au chuma, hudai utunzaji wa miaka yote. Nyumba haimsamehi anayeisahau.

Sasa tumgeukie mwenye mti wake. Historia hii yote ina faida gani kwake?

Kwanza, kabla ya shoka, apite serikali ya kijiji na ofisi ya misitu. Iko miti ambayo haikatwi bila kibali hata kama iko shambani kwako, na mbao haziendi barabarani bila hati. Mti ni wako, lakini sheria nayo ni yako.

Pili, aupime mti kabla ya kuota ndoto. Boriti ya inchi 8 kwa 6 inataka gogo lisilopungua inchi 10 upande wa ncha, bila kuhesabu gome, na inchi nyingine moja kwa ajili ya kunywea na kuranda. Na boriti isimamishwe kwa ubavu. Ile ya inchi 8 kwa 4 ikisimama hubeba mara mbili ya ikilala, na kwa mzigo ule ule hupinda robo tu.

Tatu, asiliache gogo juani hata juma moja. Vichwa vyake vipakwe rangi nzito, nta au lami siku ile ile, kwa sababu maji hukimbilia kutoka vichwani na hapo ndipo nyufa zinapoanzia. Kama gogo ni nene, boriti ipasuliwe kando ya kiini, isikizunguke. Mkaratusi hasa, ambao hukua na mvutano mwingi ndani yake, hufunguka kama ganda la mbaazi mara msumeno unapopita.

Nne, mbao zipangwe kivulini penye upepo, zikiinuliwa kutoka chini kiasi cha goti. Kati ya tabaka na tabaka viwekwe vibao vya inchi moja, kila kimoja juu ya mwenzake kwa mstari ulionyooka, na juu kabisa pawekwe mawe mazito. Atajuaje kama zimekauka? Achukue kipande kimoja, akipime kwenye mizani ya dukani kila mwezi na kuandika. Kikiacha kupungua uzito, mti umemaliza kusema. Tanuri la kiwandani huweza kuukausha ubao wa inchi moja kwa majuma machache, lakini boriti nene ikilazimishwa kwa moto hukauka nje na kubaki mbichi ndani, ikapasuka.

Na kama hawezi kungoja? Basi afanye kama mafundi wa kale: ajue kwamba anajenga na mti mbichi. Atumie boriti fupi, azikaribishe, afunge kwa boliti atakazoweza kuzikaza tena baada ya mwaka, na aache dari na rangi mpaka mti utulie. Kujenga na mti mbichi kwa kujua ni ufundi. Kujenga nao kwa kutojua ni kujitia hasara. Tena hasara hiyo haiishii kwenye fedha. Paa likioza au kupinda kabla ya wakati, mti mwingine huangushwa kuziba nafasi, na huo nao ulihitaji miaka 30 kusimama.

Kwa hiyo, msikilizaji mpenzi, ukimwona mzee amepanga mbao zake chini ya mwembe, mvua inakuja na kupita naye hajengi, usimcheke kwamba ameishiwa. Huenda yeye ndiye peke yake kijijini anayejenga. Vyaelea vimeundwa, na vilivyoundwa vizuri vilingojewa. Ukikata mti mmoja mwaka huu, panda mitano, uwaambie watoto ni wa nini, na uwaachie pamoja na miti hiyo elimu ya kuisubiri.

Tukutane juma lijalo, Mungu akipenda.